Bata wa porini ametaga uani na ndege wa Mei wako njiani: nini cha kufanya, nini cha kuacha

Msomaji aliye Columbus, Ohio, ametuuliza hivi: "Tarehe 14 Aprili nimekuta mayai matano chini ya kichaka, hatua kumi hivi kutoka mlango wa nyuma. Ni ya bata wa kahawia, lakini mchana kutwa simwoni. Je, ameyatelekeza? Kwetu Morogoro tungemwekea kuku ayaatamie, na hapa nina kuku wanne bandani. Tena nasikia mwezi wa tano hupita ndege wa rangi nyingi. Ningependa wanangu wawaone hapahapa uani. Naweza kuwawekea chakula bila kumsumbua bata?"

Dada, bata hajayatelekeza. Bado anataga.

Kwa maelezo yako huyo ni jike la bata kichwa-kijani, Anas platyrhynchos. Kichwa cha kijani ni cha dume peke yake. Jike ana madoadoa ya kahawia mwili mzima, mdomo wa rangi ya chungwa wenye mabaka meusi, na kwenye ubawa kipande cha buluu chenye kingo nyeupe. Hutaga yai moja kwa siku, kwa kawaida asubuhi, akakaa kidogo, akayafunika kwa majani na manyoya laini aliyojinyofoa kifuani, kisha akaenda zake majini na dume lake. Siku zote hizo kiota utakikuta kitupu. Hali hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wadhani mayai yameachwa, wakayachukua, na kuharibu kizazi ambacho kilikuwa salama kabisa.

Yai ambalo halijapata joto la mama halifi, limetulia tu. Wewe mwenyewe unalijua hili: mayai ya kuku unayakusanya siku kadhaa kabla ya kumlaza kuku, na bado yanaanguliwa. Bata anafanya hesabu ileile. Anaanza kuatamia mfululizo mtago unapokaribia kukamilika, ili vifaranga wote waanze safari siku moja na waanguliwe karibu kwa pamoja. Mtago kamili mara nyingi ni mayai 8 hadi 13.

Basi chukua kalenda. Mayai matano tarehe 14 Aprili. Akiishia kumi, la mwisho litakuwa tarehe 19. Hapo ongeza siku 28, unapata tarehe 17 Mei. Acha nafasi ya siku mbili tatu mbele na nyuma, kwa sababu baridi na muda anaokaa nje ya kiota hubadilisha hesabu kidogo. Na hapa kuna kosa ambalo hasa watu waliofuga bata Afrika Mashariki hulifanya. Bata wengi wa vijijini kwetu ni wa jamii ya Cairina moschata, wale wenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni, na hao huatamia siku 35. Ukihesabu kwa desturi ya Morogoro utamtarajia wiki nzima baada ya vifaranga kuwa wameshaondoka, na geti litakuwa limefungwa siku waliyolihitaji.

Kuhusu kumwekea kuku mayai hayo ayaatamie: usifanye. Marekani ina sheria ya ndege wahamaji ya mwaka 1918, inayokataza kuchukua, kumiliki au kuharibu mayai na viota vya ndege wa porini bila kibali, na bata huyu yumo. Kukihamisha tu kiota hicho hata mita tatu pia ni makosa, na mara nyingi mama hakifuati. Lakini hata sheria isingekuwepo, tungekuambia hivyohivyo kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege, H5N1. Tangu mwisho wa 2021 imeenea kwa ndege wa porini Amerika ya Kaskazini, na bata anaweza kuibeba bila kuonyesha dalili yoyote, ilhali kuku huuawa nayo upesi sana. Kwa hiyo wafungie kuku wako bandani msimu huu. Chakula na maji yao viwe ndani, mahali bata hawezi kufika. Viatu unavyoingia navyo bandani visikanyage upande wa kiota. Ukikuta bata aliyekufa, usimshike kwa mikono mitupu, na watoto wasimguse.

Sasa namna ya kumtazama. Mahali bora zaidi ni ndani ya nyumba, nyuma ya kioo cha dirisha, darubini mkononi. Hatua zako kumi ni kama mita saba au nane. Kwa bata aliyezoea kuona watu wanaingia na kutoka, umbali huo unavumilika, mradi mpite bila kusimama na bila kumkazia macho. Jike anayeatamia hutegemea rangi yake: hatikisiki hata ukipita karibu. Kutotikisika huko kusikudanganye kuwa ametulia. Akilaza shingo na kichwa chini, sambamba na ardhi, ameshaogopa. Ukimsogelea zaidi ataruka ghafla, na bata anayekurupuka hivyo mara nyingi hunya juu ya mayai, kinyesi chenye harufu kali. Atayaacha wazi pia, bila kuyafunika, na kunguru wa jirani wanaona.

Akishaanza kuatamia hutoka mara moja au mbili kwa siku, aghalabu asubuhi na jioni, kwa nusu saa hadi saa nzima na zaidi kidogo, akale na kuoga. Ukiandika saa hizo kwa siku nne tano utaona zina mpangilio. Kama kuna kazi ambayo lazima ifanyike upande ule, kwa mfano kufunga bomba linalovuja, ifanye wakati huo na uimalize haraka. Nyasi zilizo ndani ya mita tatu kutoka kichakani usizikate mpaka waondoke. Usiweke uzio kuzunguka kiota. Mama ataruka juu yake, vifaranga hawataweza kutoka.

Dume utamwona mwanzoni akiranda jirani, kisha siku moja hayupo. Si kwamba ameuawa. Jike akishakolea kuatamia, dume huondoka, hujiunga na madume wenzake na kupukutisha manyoya ya mabawa. Kulea ni kazi ya mama peke yake.

Ikiwa siku fulani una wasiwasi wa kweli kwamba hajarudi, tumia njia hii. Wakati kiota kimefunikwa na hayupo, laza vijiti viwili vyembamba kama njiti za kiberiti juu ya kifuniko cha manyoya, vikikatana, bila kugusa mayai. Angalia kesho yake saa ileile. Vikiwa vimesogea, amekuja. Vikiwa palepale kwa siku mbili nzima katika kipindi cha kuatamia, hapo ndipo kiota pengine kimeachwa. Bado huruhusiwi kuyachukua. Yaache, au piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo uwaulize. Bata aliyepoteza mtago mapema mara nyingi hutaga tena kwingine.

Swali lako la chakula ndilo gumu, na ndilo tunalotaka ulifikirie zaidi, kwa sababu mambo yako mawili yanagongana hapo hapo. Bata wako ataatamia kuanzia tarehe 19 Aprili hadi katikati ya Mei. Wimbi kubwa la ndege wahamaji Ohio huwa wiki tatu za kwanza za Mei. Kwa hiyo kila punje utakayomwaga kwa ajili ya ndege wa Mei itakuwa imemwagwa wakati mama amelalia mayai chini ya kichaka, na wanaookota punje usiku si ndege. Ni wanyama wa usiku: rakuni, skanki, oposamu na panya. Rakuni akishajua kwamba uani mwako kuna chakula, hurudi kila usiku na kupekua kila pembe, na mayai kumi ya bata kwake ni karamu. Viota vingi vya mijini huangamia kwa njia hii, na mwenye nyumba haelewi kamwe kwamba yeye ndiye aliyemwalika mgeni.

Si lazima uache kabisa. Tundika chombo cha mbegu upande wa pili wa nyumba, au angalau mita kumi na tano kutoka kiotani. Weka mbegu za alizeti za siku moja tu, kikombe kimoja au pungufu, na kila jioni kabla giza halijaingia kiingize chombo ndani na kufagia zilizoanguka. Usimwekee bata mwenyewe chakula wala beseni la maji karibu na kiota. Yeye ana ratiba yake ya kwenda kula, na kitu chochote chenye harufu pale kinawaonyesha adui njia. Mkate asipewe popote. Ukiona alama za miguu ya rakuni kwenye udongo laini, zinafanana na kiganja kidogo cha mtoto chenye vidole vitano, basi ondoa chakula chote mpaka vifaranga waondoke.

Habari njema ni kwamba ndege wale wa rangi watoto wako wanaowangoja wengi wao hawali mbegu hata kidogo. Wanaosifiwa zaidi huitwa waobla: videge wadogo kuliko shomoro, wanaokula wadudu, wengi wa gramu 8 hadi 12, wanaotoka Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na Amerika ya Kusini kwenda kuzaliana kaskazini hadi Kanada. Husafiri usiku na kushuka alfajiri penye miti na viwavi. Kuwaita uani ni suala la miti, maji na kuacha dawa. Kama una mwaloni, hata wa jirani unaoning'inia juu ya ua wako, hiyo ndiyo meza yao: mwanzoni mwa Mei unapotoa maua yake ya nyuzinyuzi na majani machanga, hujaa viwavi wadogo, na waobla hupanda na kushuka humo asubuhi nzima. Usipulize dawa ya wadudu. Majani makavu ya mwaka jana chini ya vichaka usiyakusanye mpaka Juni. Shomoro mwenye koo jeupe, Zonotrichia albicollis, huyapekua kwa kuruka nyuma na miguu yote miwili kama kuku, na wadudu aliowafukua huliwa na wengine pia.

Maji yana nguvu kuliko mbegu. Chukua sahani ya kuwekea chungu cha maua, kipenyo cha sentimita 40 hivi, yenye uso wa kukwaruza ili miguu isiteleze. Maji yawe na kina cha sentimita 2 hadi 5, si zaidi, na katikati uweke jiwe. Juu yake tundika chupa ya plastiki iliyotobolewa kwa sindano chini ili idondoshe tone moja baada ya jingine. Waobla huvutwa na mlio na mtikisiko wa maji yanayodondoka. Ibadilishe maji kila siku na kuisugua kwa brashi, la sivyo itazaa mbu na magonjwa. Nayo ikae mbali na kiota cha bata, na mita mbili tatu kutoka kichaka chochote, paka wasipate pa kuvizia.

Wako pia wahamaji wachache wanaokubali chakula, nao ni wazuri kwa watoto kwa sababu hukaa mahali pamoja. Mwishoni mwa Aprili hufika ndege mvumaji mwenye koo jekundu, Archilochus colubris, wa gramu 3 tu. Watu wa kwetu humchanganya na chozi, kwa kuwa wote hunywa nekta, lakini si ndugu. Wavumaji wako mabara ya Amerika pekee, na chozi hayupo huko. Kinywaji cha mvumaji ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji. Usitie rangi nyekundu, asali wala sukari guru. Mwaga na uoshe chombo kila baada ya siku nne au tano kukiwa na baridi, kila siku mbili kukiwa na joto. Maji yakianza kuwa na ukungu mweupe yameshachacha.

Siku hizohizo huja ndege aitwaye kitaalamu Icterus galbula, dume lake la rangi ya chungwa kali na kichwa cheusi tii. Mkatie chungwa katikati, ulichomeke kwenye msumari wa tawi, upande wa nyama juu. Kijiko kimoja cha jamu ya zabibu kinatosha. Ikiwa nyingi hugandisha manyoya yake. Vyote viwili, chungwa na jamu, viingie ndani jioni, kwa sababu ile ile ya rakuni.

Kutazama, amkeni mapema. Saa mbili tatu za kwanza baada ya jua kuchomoza zina thamani kuliko siku nzima iliyobaki. Usiku wa joto wenye upepo wa kusini huleta ndege wengi. Ukifuatiwa na mvua au upepo wa kaskazini karibu na alfajiri, wengi hulazimika kutua palepale walipo, na ua ambao jana ulikuwa kimya unaweza kuwa na jamii kumi. Tovuti ya BirdCast huonyesha kwa rada ni ndege wangapi wamepita juu ya kaunti yako usiku huo, bure. Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell husikiliza sauti na kupendekeza jina; ichukuliwe kama dokezo, kisha macho yathibitishe, maana hukosea. Usiipige sauti ya ndege ili kumwita. Amefika hapa baada ya safari ya usiku kucha, anahitaji kula, na wewe unamfanya apoteze nguvu kumtafuta mpinzani asiyekuwepo.

Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, na lenzi yake ya mbele ni ya milimita 42) inafaa kwa mtu mzima. Kwa watoto 8x32 ni nyepesi zaidi. Wafundishe jambo moja: mtazame ndege kwa macho, usiyaondoe macho kwake, halafu inua darubini ije machoni. Anayeshusha macho kuitafuta darubini humpoteza ndege.

Kwa kuanzia, wajue waobla hawa, kwa majina yao ya kitaalamu. Setophaga coronata ndiye wa kwanza, katikati ya Aprili, ana kiraka cha manjano juu ya mkia. Setophaga petechia ni manjano mwili mzima na michirizi ya wekundu kifuani. Mniotilta varia ana mistari myeupe na myeusi kama punda milia, na hutambaa kwenye gome la shina. Setophaga ruticilla ni mweusi mwenye mabaka ya chungwa, hupanua mkia kama pepeo. Setophaga fusca ana koo la rangi ya moto, lakini hukaa vileleni, shingo zitauma. Mkitaka wingi zaidi mjini kwenu, makaburi ya Green Lawn yana miti mikubwa ya zamani na watazamaji hukutana humo kila Mei. Ufukwe wa ziwa Erie, huko Magee Marsh, uko saa mbili na ushee kwa gari. Ndege hupumzika hapo kabla ya kuvuka ziwa, nanyi mtawaona kwa usawa wa macho kutoka kwenye njia ya mbao.

Mbayuwayu utakayemwona akipita juu ya nyumba ni yuleyule wa utotoni, Hirundo rustica. Ila huyu wa Ohio hurudi kutoka Amerika ya Kusini. Wale wanaokaa Morogoro miezi ya baridi ya kaskazini hutoka Ulaya na Asia.

Vioo vya nyumba huua ndege wengi wahamaji kwa sababu huakisi miti. Bandika vitone vyeupe nje ya kioo, si ndani, sentimita 5 kati ya kimoja na kingine, kioo kizima. Kibandiko kimoja cha umbo la mwewe hakisaidii. Na Aprili hadi mwisho wa Mei zima taa za nje kuanzia saa tano usiku.

Turudi kwa bata, maana tarehe 17 Mei itafika. Siku moja au mbili kabla, mama haondoki tena kiotani. Vifaranga wakianguliwa hukaushwa chini yake usiku mmoja, na kesho yake, kwa kawaida asubuhi, anawaita na kuondoka nao kwa miguu moja kwa moja hadi majini, hata kilometa moja au zaidi. Hawarudi tena kiotani. Kuanzia tarehe 14 acha geti wazi kila alfajiri, au inua ubao mmoja wa chini ya uzio upate upenyo wa sentimita 15. Penye ngazi laza ubao wenye uso wa kukwaruza. Mashimo ya mtaro yaliyo ndani ya uwanja wako yafunike kwa kipande cha mbao. Vifaranga hudondoka kati ya vyuma vyake mama akivuka tu. Jirani mwenye bwawa la kuogelea mwombe aegemeze ubao wenye taulo kutoka majini hadi ukingoni, mwinuko wake uwe mdogo, kwa sababu vifaranga huruka ndani na hawawezi kutoka. Mbwa afungiwe ndani.

Usiwafukuze wala kuwakamata ili uwapeleke mtoni kwa gari. Mama akiona mkono wako juu ya vifaranga anaweza kuruka na kuwaacha, na kundi hilo bila mama halina maisha. Wafuateni kwa mbali, mita ishirini, na mtu mzima aangalie barabara. Kifaranga mmoja akiachwa nyuma, ngoja saa moja ukiwa mbali. Mama akikosa kurudi, mweke kwenye boksi lenye taulo, mahali penye joto na giza, na umpigie mwenye leseni ya kuuguza wanyamapori. Usimtie kwenye beseni la maji kwa kudhani bata ni bata: bila joto la mama manyoya yake hulowa na baridi humuua.

Kichaka kile usikikate wakati wa vuli. Jike aliyefaulu kuangua mahali fulani mara nyingi hurudi palepale mwaka unaofuata.